Nina miksa ya zamani isiyo na sanduku lake la umeme. Naweza kutoa chaneli nne nizifunge kwenye raki kama priampu (vikuza vya sauti ya maiki)?

MwalimuMikindani ameandika:

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Nakaa Mikindani, nafundisha fizikia sekondari, na jioni narekodi. Sina studio ya biashara. Nina chumba kimoja chenye magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani, laptop, intafesi ya chaneli nne (kifaa cha kuingizia sauti kwenye laptop) na maiki nne. Narekodi vikundi vya sindimba vinapocheza karibu, na narekodi bibi yangu mzaa mama aliyeko Newala. Bibi anasimulia hadithi kwa Kimakonde, na ndani ya hadithi kuna nyimbo: yeye anaimba, wasikilizaji wanaitikia. Kwenye ukoo wetu nyimbo hizo zimebaki kwake peke yake. Mama anajua vipande, mimi najua viitikio tu. Kwa hiyo naomba mnivumilie, swali langu ni refu.

Bibi ana sauti ndogo, na ukimsogezea maiki mdomoni ananyamaza. Nimejaribu mara tatu. Anachokubali ni maiki ikae kwenye stendi, nusu mita hivi, pembeni kidogo, asiwe anaiangalia. Maiki yangu nzuri ni Shure SM58. Kwa karatasi yake, inatoa milivolti 1.85 sauti ikiwa na nguvu ya paskali 1, ambayo ni desibeli 94. Bibi kwa umbali ule anafika desibeli 60 hivi, yaani paskali 0.02. Ukizidisha unapata milivolti 0.037. Nikifungua geini (kiasi cha kukuza) ya intafesi mpaka mwisho ndipo namsikia, lakini anakuja na shhh kama kikaango cha vitumbua, na shhh ile inafunika pumzi zake na mwisho wa maneno. Kimakonde ukikikata mwisho wa neno umeharibu.

Ngoma ni kinyume chake kabisa. Karibu na ngozi unaweza kufika desibeli 120, na maiki ileile inatoa milivolti 37. Yaani ngoma isiyokuzwa hata kidogo ni sawa na bibi aliyekuzwa mara elfu moja! Nahitaji kifaa kinachoweza kazi zote mbili.

Mwezi uliopita ukumbi mmoja wa zamani mjini ulikuwa unaondolewa vitu, nikanunua miksa ya chaneli 16 kwa shilingi 150,000. Jina la kampuni limebanduka, nyuma imeandikwa tu kwamba imetengenezwa Uingereza. Kila chaneli ni kipande kinachojitegemea: paneli yenye upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 410, bodi moja imening'inia nyuma yake, na waya bapa wa pini 10 unaoiunganisha na zenzake. Feda (vile vitelezi vya sauti) ziko kwenye sehemu nyingine. Nyuma ya soketi ya maiki kuna kikopo cha chuma kinachong'aa, nadhani ni transfoma. Kila bodi ina aisii tatu (vijisaketi vya kukuza sauti) zilizoandikwa 5534, na chini yake 8127, nafikiri ni wiki ya 27 ya mwaka 1981.

Chaneli kumi zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari mpaka njia za shaba zimekatika. Sita ziko vizuri. Sanduku la umeme halipo, na kwenye miksa hakuna palipoandikwa volti.

Naomba kujua: nitajuaje volti zake bila kuunguza kitu? Nikate bodi nibakize sehemu ya maiki peke yake, au niiache nzima? Na fantomu (umeme unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wake) niweke?

---

SautiMasasi amejibu:

Dada mwalimu salama. Mimi napiga mziki wa sherehe huku Masasi, na miksa za namna hiyo nimezibeba mgongoni, nazijua uzito wake.

Nakushauri kama ndugu: kuna vikuza vidogo vinavyochomekwa kwenye waya wa maiki, vinatumia fantomu ya intafesi yako na vinaongeza desibeli 25 hivi kabla sauti haijafika kwenye intafesi. Kimoja kinatosha kumrekodi bibi wiki ijayo. Miksa ya miaka 40 na zaidi ni kazi ya miezi, na bibi zetu hawana miezi mingi. Samahani kwa kusema hivyo, wa kwangu alifariki nikiwa bado natafuta simu yenye kinasa kizuri.

Kama utaendelea na miksa, angalia sana hili la volti. Mashine za zamani hazifanani. Moduli ya Neve 1073 ya mwaka 1970, ambayo kila mtu anaisifu, inatumia reli (njia ya kulishia umeme) moja ya volti 24. Nyingine zina reli mbili, chanya na hasi. Ukibahatisha hapo umeua.

---

FundiMstaafuLindi amejibu:

Marahaba mwanangu.

Nimetengeneza redio na vipaza sauti hapa Lindi tangu 1979, macho sasa yananikatalia lehemu ndogondogo ila akili ipo. Kijana wa Masasi amesema kweli kuhusu muda. Nunua hicho kikuza kidogo kama unaweza, mrekodi bibi, halafu jenga. Lakini jenga, kwa sababu ulicho nacho ni kitu kizuri, na kile kikopo kinachong'aa ndicho kizuri kuliko vyote. Nitakuja huko.

Kwanza volti. Usiwashe chochote. Chukua mita, weka kwenye mlio wa kugusa waya. 5534 ya miguu minane, mguu wa 7 ndio chanya na wa 4 ndio hasi. Gusa mguu wa 7 kwenye aisii zote tatu. Kama zinalia pamoja, hiyo ni reli moja. Gusa wa 4 vilevile. Kisha fuata mpaka kwenye waya bapa uone ni pini zipi. Ukikuta mguu wa 4 haulii na chesisi (kasha la bati) wala ethi ya bodi, basi una reli mbili, na nina hakika ndivyo utakavyokuta. Pini nyingine itakwenda kwenye rezista mbili za ohmu 6,800 karibu na soketi ya maiki: hiyo ndiyo fantomu.

Kiasi cha volti usome kwenye kapasita za kuchuja reli. Kama zimeandikwa 25, mwenye kuitengeneza hakupeleka zaidi ya 18 hivi kila upande. Miksa nyingi za miaka hiyo zilikuwa 15, 17 au 18. Wewe peleka 15. Kama ya asili ilikuwa 17, unapoteza desibeli moja tu juu kabisa, na faida yake ni kwamba reguleta za 7815 na 7915 (zinazoshikilia volti zisibadilike) unazipata hata kwa mafundi wa Mtwara, huhitaji kuagiza Kariakoo na kusubiri basi.

Transfoma ya umeme: 18-0-18, VA 30 inatosha. 5534 moja inakunywa miliampia 4 mpaka 8, una tatu kwa chaneli, kwa chaneli nne hufiki hata miliampia 100. Volti 18 baada ya daiodi na kapasita zinakuwa kama 24, reguleta ina nafasi ya kufanya kazi. Na umeme wetu ukishuka hadi 190 jioni watu wote wanapowasha vitu, bado unabaki na 19 na kitu, reguleta haizimiki. Ndiyo maana nimesema 18 na si 15-0-15, ambayo ingekuimbia mvumo kila umeme unapolegea.

Sasa sikiliza hili kwa makini kwa sababu liliniunguzia amplifaya ya watu. 7815 na 7915 zinafanana kwa macho lakini miguu yake haifanani. 7815: kuingia, ethi, kutoka. 7915: ethi, kuingia, kutoka. Na bati la mgongoni la 7815 ni ethi, ila la 7915 ni umeme unaoingia. Mimi nilizifunga zote mbili kwenye bati moja la kupoozea joto bila kijikaratasi cha maika. Nikawasha. Transfoma ikanguruma, daiodi ikapasuka, chumba kikajaa moshi, na ile amplifaya ilikuwa ya kuswalishia Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nililala dukani nikiitengeneza. Weka maika, weka na kile kipete cha plastiki kwenye skrubu, kisha pima kwa mita kama bati na chesisi havigusani.

Sanduku la umeme liwe mbali na priampu, la peke yake, na waya wa mita moja na nusu. Wenyewe walifanya hivyo na walikuwa na sababu. Transfoma ya umeme inatoa usumaku wa hezi 50, na transfoma ya maiki iko pale kazi yake ni kunasa vitu vidogo. Kile kikopo kinaizuia kwa kiasi, hakizuii ukiwalaza kitanda kimoja.

Kukata bodi: usikate. Umesema paneli ni milimita 35 kwa 410. Uniti moja ya raki ni milimita 44.45, na nafasi kati ya nguzo za raki ni 450. Maana yake chaneli yako ukiilaza ubavu inaingia kwenye uniti moja kama imepimwa! Nne ni uniti nne. Unabaki na besi na trebo zake, swichi zake, maandishi yake. Kwa paneli ya mbele nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, mwombe kipande kilichobaki, upana milimita 482.6, akukatie matundu kwa mashine yake.

Kabla ya kuwasha chaneli yoyote, weka rezista ya ohmu 100 ya wati 5 kwenye kila reli. Chaneli nzima ikinywa miliampia 20, kwenye rezista utapima volti 2. Ukipima 10 au 14, zima: kuna kitu kimegusana ndani, na mara nyingi ni kapasita za tantalamu, zile zenye umbo la tone. Zikizeeka hazikatiki, zinakuwa kama waya.

Kapasita za kawaida badilisha zote. Miaka 40 na zaidi kwenye joto la pwani, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka zinapunguza umri wake nusu. Aisii usiziguse kama zinafanya kazi. Transfoma ya maiki usiipime kwa ohmu! Mita inapitisha umeme wa upande mmoja na kiini chake kidogo kinabaki na usumaku.

---

MwalimuMikindani ameandika:

Mzee, nimekuchapisha kwenye karatasi nikakubandika ukutani juu ya meza. Asante sana.

Kaka wa Masasi, nimepokea, na pole kwa bibi. Nimeagiza kile kikuza na nitakwenda nacho Newala mwisho wa mwezi. Lakini vikundi vya ngoma vinahitaji chaneli nne, na mimi nataka kujua kitu hiki ndani mpaka nje. Wanafunzi wangu pia wanakuja kuangalia. Wengi hawajawahi kuona transfoma iliyofunguliwa, tunaichora ubaoni tu.

Niliyoyapata hadi leo:

Reli ni mbili, kama ulivyosema. Kapasita zimeandikwa volti 25. Fantomu nimeikuta kwenye pini ya 9.

Uwiano wa transfoma ya maiki sikuupima kwa ohmu. Nimetoa toni ya hezi 200 kwenye simu, nikaipeleka upande wa kuingia ikiwa milivolti 100, na upande wa kutoka nimepata 690. Kwa hiyo ni moja kwa saba. Hapo nikakaa chini na kalamu, na nimefurahi kiasi cha kushindwa kulala.

Maiki ya ohmu 150 yenyewe, kwa joto tu la waya wake, ina kelele ya nanovolti 1.6 hivi kwa kila mzizi wa hezi. Ukijumlisha hezi 20,000 zote inakuja −131 dBu (desibeli zinazohesabiwa kutoka volti 0.775), na hakuna saketi duniani itakayokwenda chini ya hapo kwa maiki hiyo. 5534 peke yake ina kelele ya nanovolti 4. Ukiichomeka maiki moja kwa moja, aisii ndiyo inapiga kelele na maiki imefunikwa. Ila transfoma inaikuza maiki mara saba kwanza, pamoja na kelele yake, inakuwa nanovolti 11. Sasa zile 4 za aisii zinabaki nyuma. Na ohmu 150 zinaonekana upande wa pili kama 7,350, ambazo ndizo 5534 inazipenda. Yule mhandisi wa mwaka 1981 hakuchagua saba kwa kubahatisha. Nimewapa kidato cha nne hesabu hiyo na wawili wameipata.

Chaneli tatu zimewaka na kwenye rezista ya ohmu 100 nimepima volti 1.7 mpaka 2.1. Mbili zilionyesha 14 mara moja. Ilikuwa tantalamu, zote mbili, mahali palepale kwenye reli ya chanya. Nimeweka za kawaida za mikrofaradi 10 volti 35 na zimepona. Ya sita sijaigusa.

Shida iliyobaki ni mbili. Moja, sauti niitoe wapi? Nilijaribu mwisho wa waya bapa, pale chaneli inapokwenda kuchanganywa na nyingine, nikapata sauti dhaifu sana. Mbili, mvumo. Nikishika chesisi mvumo unapungua, nikiachia unarudi.

---

SautiMasasi amejibu:

Mvumo wa namna hiyo sisi kwenye sherehe tunaukata kwa kuondoa mguu wa ethi kwenye plagi. Unaisha papo hapo.

---

FundiMstaafuLindi amejibu:

Kijana wangu wa Masasi, nakuomba uache kufanya hivyo kuanzia leo, na uliowafundisha uwaambie waache. Siku waya wa laini utakapogusa chesisi ndani, ule mguu uliouondoa ndio ulikuwa uupitishe umeme huo chini na kuunguza fyuzi. Usipokuwepo, unapita kwa mwenye kushika maiki, miguu peku kwenye saruji yenye unyevu. Nimemzika mtu kwa sababu hiyo. Sitasema zaidi.

Mwalimu, chesisi yako ikishikwa mvumo ukapungua, ni dalili kwamba chesisi haina ethi na mwili wako ndio unajaribu kuwa ethi. Fungua tundu la ukutani, baada ya kuzima swichi kuu, uone kama mguu wa ethi una waya. Nyumba nyingi za kupanga tundu lipo na waya haupo.

Ndani ya raki, pini ya 1 ya kila soketi ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu) iende kwenye bati la chesisi palepale kwenye soketi, waya mfupi kabisa. Usiipeleke kwenye ethi ya bodi kwanza. Ukiipeleka kwenye bodi, kila uchafu unaokuja na waya wa maiki unapita kwenye bodi kabla ya kufika chini. Ethi za bodi zote nne zikutane mahali pamoja, na pale pamoja paungane na chesisi mara moja tu.

Kutoa sauti: mwisho wa waya bapa kuna rezista inayotarajia kukutana na kikuza cha kuchanganyia, ambacho wewe hunacho tena. Ndiyo maana umepata sauti dhaifu. Toa kabla ya hapo, baada ya besi na trebo, pale ambapo sauti ilikuwa inaondoka kwenda kwenye feda. Weka rezista ya ohmu 68 kutoka hapo kwenda pini ya 2. Kisha weka 68 nyingine inayolingana nayo kutoka pini ya 3 kwenda ethi. Pini ya 3 haitakuwa na sauti, lakini pande zote mbili zina uzito mmoja, na intafesi yako itafuta mvumo unaoingia njiani kama vile pande zote zina sauti.

Fantomu iache mpaka haya yote yatulie. Haiwezi kutoka kwenye hizi 15 zako, inataka volti 48 za peke yake. Kwa nini 48? Neumann walipowatengenezea redio ya Norwe maiki ya KM 84 mwaka 1966, kwenye majengo ya redio ile tayari kulikuwa na volti 48 za taa za dharura, basi wakazitumia, na dunia nzima ikafuata. Siku utakapoiweka, nunua rezista 20 za ohmu 6,800 za asilimia moja, zipime moja moja, uoanishe zinazokaribiana ndani ya ohmu 27. Zikipishana sana umeme wa upande mmoja unapita ndani ya transfoma yako, na tulishasema hatutaki hivyo.

---

SautiMasasi amejibu:

Mzee nimekusikia. Nimerudisha miguu ya ethi kwenye plagi tano. Mbili zimenivumia, nitafuata hilo la pini ya 1 kwenye spika.

---

MwalimuMikindani ameandika:

Nimefungua tundu. Waya wa ethi umekunjwa ndani ya ukuta, haujafungwa popote, na nje ya nyumba hakuna fimbo ya ethi. Mwenye nyumba kaja kuona kwa macho yake, tukamwita fundi umeme mwenye leseni, fimbo imepigwa upande wa nyuma chini ya mwembe ambako udongo hauishi unyevu. Gharama tumegawana. Nilikuwa nimeishi humo miaka minne nikiwasha pasi na jiko.

Mvumo umeondoka. Sisemi umepungua, umeondoka. Nikivaa hedifoni na kufungua geini yote, maiki ikiwa ndani ya kabati la nguo, nasikia shhh nyembamba tu. Nimezima transfoma ya umeme kuhakikisha, shhh haibadiliki mpaka reli zife.

Paneli imekatwa na fundi alumini wa pale karibu na stendi, amefanya kazi safi kuliko nilivyomlipa. Kwenye ngoma nimetumia swichi ya kupunguza desibeli 20 iliyokuwa tayari kwenye chaneli, kikundi kimoja kimekuja Jumapili, wakawasha moto wa majani makavu kupasha ngozi, maiki tatu kwenye ngoma na moja kwa muimbishaji. Hakuna kilichopasuka. Kwenye ngoma ndogo, ile iliyochomekwa ardhini kwa mguu wake, unasikia fimbo inagusa ngozi kwanza halafu ndipo mlio.

Kilichobaki ni chaneli ya nne. Nikizungusha geini inakwaruza, krakra. Nimesafisha kwa pombe ya aisopropili mara tatu, inanyamaza dakika kumi na kurudi.

---

FundiMstaafuLindi amejibu:

Krakra inayorudi baada ya kusafisha si uchafu. Pima volti za upande mmoja kwenye mguu wa katikati wa ile voliyumu ya geini. Panatakiwa pawe sifuri au karibu sana. Ukikuta milivolti mia na kitu, kuna kapasita inavuja, na itakuwa ile kubwa iliyofuatana na voliyumu kwenda ethi. Ulibadilisha zote?

---

MwalimuMikindani ameandika:

Milivolti 180. Na hapana mzee, hiyo moja sikuibadilisha, dukani hawakuwa na mikrofaradi 470 nikasema nitarudi. Leo nimeipata. Imekaa kimya, nimezungusha mara hamsini.

Ijumaa nilikwenda Newala. Kile kikuza cha kuagiza hakikuwahi, kwa hiyo nilibeba raki yenyewe na sanduku lake la umeme, uniti nne kwenye basi, mapajani. Tulirekodi kwa mjomba kwa sababu kwake kuna umeme. Nilipima 204 saa moja usiku na reli zilibaki 15. Maiki iliwekwa nusu mita, pembeni, nyuma ya kikapu cha mihogo ili bibi asiione. Alisimulia dakika arobaini. Kuna upepo wa Newala kwenye mlango na kuna kuku, vyote vimeingia. Kabla ya kila wimbo bibi anavuta pumzi fupi na kupiga ulimi, nimeishi naye utotoni na sikuwahi kuisikia pumzi ile.

Mama alipoisikiliza kwenye hedifoni aliomba nirudishe nyuma mara nne mahali pamoja, pale mwisho wa mstari. Kumbe miaka yote alikuwa anaimba neno ambalo silo.

Jumamosi ijayo napanda tena, kuna hadithi mbili bado. Mzee, nikipita kwenda Dar mwezi ujao nitashuka Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Lindi, nije Lindi na zile bodi kumi zilizokufa. Transfoma zake kumi ni nzima, nimezipima zote kwa ile toni ya simu.

---

FundiMstaafuLindi amejibu:

Njoo nazo. Zifunge kila moja kwenye kitambaa, zisigongane njiani. Na uje na wimbo mmoja wa bibi kwenye simu.